Salamu ya Ukurasa wa Kwanza

Mama mkwe wangu sijawahi kumwona usoni zaidi ya muda wa kufumba jicho. Naijua sauti yake, nazijua kandambili zake, na mgongo wake naujua akiwa anaondoka na kanga kichwani. Nikiwaambia watu wa mjini hivyo, wanadhani tumegombana. Hatujagombana. Tunaheshimiana, na kwa Wasukuma wa nyumba yake, heshima ya mkwe na mama mkwe ni kutokutana macho na kutokula pamoja. Akipita yeye, mimi napisha njia, hata kama njia yenyewe ni ya kwenda chooni na mimi nimebanwa.

Mimi ni mzaliwa wa mji wa Mhunze, Msukuma vilevile, lakini kwetu mambo haya yalishalegea. Baba yangu alikuwa anakunywa chai na mama mkwe wake na kumtania juu ya sukari anayoweka. Kwa hiyo nilipooa kule Nkome nikakuta ninasalimiwa kupitia ukuta, nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilimwambia mke wangu kwamba mimi ni fundi wa kompyuta pale Geita mjini, ninaheshimika, watu wananiita kwenye maofisi yao, na sioni kwa nini nikija ukweni nikae nyuma ya jiko na kuku.

"Mama hajakukataa," mke wangu alisema. "Angekuwa amekukataa, angekutazama."

Lakini kimoyomoyo nilitaka jambo moja, nalo ni aibu kidogo kwa mwanamume mzima kulisema: nilitaka nimwambie yule mama shikamoo, na yeye aniitikie mwenyewe. Miaka yote ile salamu yangu ilikuwa inakwenda kwa mdomo wa mke wangu na kurudi kwa mdomo huohuo. "Mama anasema marahaba." Ni marahaba, lakini imepoa njiani.

Sasa, mama mkwe anakausha dagaa. Yeye na wanawake wenzake wana sehemu yao pale mwaloni Nkome, boti za wavuvi zinakotia nanga, kipande cha ufuko kilichoinuka kidogo, na juu yake wamejenga chanja, yaani meza ndefu za miti zilizotandikwa nyavu. Boti zinarudi alfajiri, dagaa wanamwagwa juu ya nyavu, jua linapanda, na upepo wa ziwa unapita juu na chini yao. Mpaka alasiri wamekauka, wanalia wakiguswa. Hawana mchanga. Ukila dagaa wa mama mkwe wangu, meno yako yanabaki salama.

Mwaka ule ikaja habari kwamba sehemu ile inatakiwa iwe maegesho ya malori ya wafanyabiashara wa samaki. Wanawake wangepewa eneo jingine nyuma ya kilima. Kwa mtu aliyekaa ofisini, eneo ni eneo. Lakini nyuma ya kilima upepo haufiki. Dagaa wanakaa juani wanachemka badala ya kukauka, na kabla ya jioni wameanza kunuka. Kuwahamisha wanawake wale kulikuwa sawa na kuwaambia waache kazi.

Mama mkwe, kwa kuwa ndiye kiongozi wao, akapewa nafasi ya kusema kwenye mkutano wa kata. Nafasi moja. Alimwita mke wangu akamwambia maneno ambayo niliyasikia mwenyewe, nikiwa nyuma ya jiko na kuku wangu.

"Mkutano uliopita alikuja kijana wa malori na mwanga wake wa ukutani. Maandishi yanapita, watu wanaitikia tu. Hata hajamaliza, wamekubali. Na mimi nataka ya kwangu. Si huyo mwenzio kazi yake ndiyo hiyo ya mashine?"

Ndugu msomaji, nilisimama. Tangu nimuoe binti yake, hilo lilikuwa jambo la kwanza yule mama kuniomba.

Tatizo lilikuwa kompyuta yangu. Fundi cherehani suruali yake ina kiraka, na fundi kompyuta ndivyo alivyo. Laptop yangu ilikuwa kuukuu, ile sehemu ya picha na madirisha ilikuwa imeshakufa, na mimi kwa ubishi wangu nikaacha hivyohivyo. Ukiiwasha unapata ukurasa mweusi na kimstari kinachopepesa, kikingoja ukipe amri. Mafundi tunauita terminali. Programu za kutengenezea slaidi zile za maofisini zisingefunguka pale hata kwa maombi.

Lakini nilikuwa na kifaa kimoja kidogo kilichoandikwa kwa lugha ya Python, ambacho nilikuwa nimekipakua siku moja kwa udadisi tu. Nilikipenda kwa sababu hakina makuu. Unaandika maneno yako kwenye faili la kawaida, maandishi matupu. Ukitaka ukurasa mpya, unapiga mstari wa vistari. Ukitaka neno liwe kubwa, unatanguliza alama ya reli, ile #, na lenyewe linachorwa kwa herufi pana zinazojaza skrini. Kisha unatoa amri moja, na ule weusi wote unageuka kuwa ukurasa wako. Ukibonyeza kitufe kirefu unakwenda mbele, ukibonyeza q unafunga. Hakuna picha za maua pembeni wala herufi zinazozunguka angani. Kuna neno, na kuna giza lililolizunguka neno.

Nikaandika slaidi zangu za kwanza kwa majivuno makubwa. Nakumbuka ukurasa mmoja ulisema "Changamoto za Uhamishaji", mwingine "Mapendekezo ya Wadau". Jumamosi nikafika Nkome, nikaweka laptop mezani sebuleni, nikatoka nje. Mama mkwe akaingia, mke wangu akamwonyesha kitufe kirefu. Nikasikia kikibonyezwa mara moja. Kisha mara ya pili.

"Haya maneno ni ya nani?" mama mkwe aliuliza.

"Ya kwako, Mayu. Utayasema wewe," mke wangu alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimi sijawahi kuyasema. Na mwambie yamebanana mno, ni dagaa kwenye gunia. Nasoma neno moja, macho yangu yameshapotea."

Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, darasa la watu wazima, na macho yenyewe yalikuwa yamechoka kwa jua la mwaloni. Mimi nilikuwa nimemwandikia mtu mwingine kabisa, pengine nilikuwa nimejiandikia mwenyewe. Nilinuna mpaka chakula cha mchana. Mke wangu alileta ugali na sato akaniuliza kama nimemaliza kununa au anirudie baadaye.

Tulianza upya. Nilimwambia mke wangu amwombe mama aeleze tu, anavyoeleza kwa wenzake, na mimi nitasikiliza. Basi mama mkwe akakaa ndani karibu na dirisha, mimi nikakaa nje chini ya dirisha hilohilo, migongo yetu imegawana ukuta mmoja, na akasema. Alieleza unavyoujua upepo utakuja kwa kutazama maji. Alieleza dagaa wa mchangani anavyouma meno na dagaa wa chanja anavyoheshimika sokoni hata ukimpeleka mbali kama Tinde. Alieleza kilima, na akataja wanawake mmoja mmoja, nani ni mjane, nani anasomesha. Sauti yake ilikuwa ya kujiamini, na mahali fulani katikati nikagundua nimeacha kuandika, ninasikiliza tu. Nilimpenda siku ile. Sijui nilisemeje vinginevyo.

Slaidi mpya zilikuwa na neno moja kila ukurasa. MAJI. UPEPO. CHANJA. MCHANGA. KILIMA. Herufi zake zilikuwa pana kiasi cha kujaza skrini, na kila neno lilikuwa mlango wa maneno yake mwenyewe, ambayo hakuhitaji kuyasoma popote.

Kwa ajili ya mazoezi nilitengeneza faili la pili. Hili lilikuwa na maneno yaleyale, lakini katikati nilikuwa nimechomeka kurasa za kumsaidia, mambo ambayo ningemwambia kama ningeruhusiwa kukaa naye. Na kwa kuwa nilikuwa peke yangu na hakuna wa kunicheka, ukurasa wa kwanza niliandika: SHIKAMOO MAMA.

Jumamosi iliyofuata aliufungua. Mimi nilikuwa nje, sikio langu limeshikamana na ukuta. Nikasikia mke wangu anacheka kidogo. Nikangoja. Baada ya muda nikasikia kitufe kirefu, mama mkwe akaendelea.

Hakuitikia. Jumamosi nyingine vilevile. Akifika ukurasa ule alikaa kidogo, kisha akapita. Nilimuuliza mke wangu kama nimevunja adabu, akasema hajui, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kutunga adabu ya jambo hilo. Nilitaka kuufuta. Sikuufuta.

Siku ya mkutano ikafika. Ofisi ya kata ilikuwa imejaa, wanaume wa malori mbele, wanawake wa dagaa nyuma wakiwa wamesimama, na mtendaji wa kata mezani na kofia yake. Projekta iliazimwa shuleni. Mpango ulikuwa mama abonyeze mwenyewe alivyozoea, lakini soketi iliyokuwa hai ilikuwa moja, kule nyuma kwenye kona, na waya wa umeme wa laptop yangu ulikuwa mfupi. Kwa hiyo laptop ikae nyuma, mama asimame mbele, na mtu abonyeze. Mke wangu alikuwa amembeba mtoto wetu mwenye homa. Nikabaki mimi.

Kukaa chumba kimoja na mama mkwe, tena mbele ya kata nzima. Nilimtuma mke wangu aulize. Akarudi na jibu: "Anasema ukae, lakini uangalie ukuta. Akisema 'twende', bonyeza."

Nikageuza kiti, nikaelekea kwenye kona. Ni vizuri nieleze hapa ujinga uliotokea, kwa sababu nimeueleza kwa mafundi wenzangu na hakuna aliyeamini. Laptop ile ilikuwa na tabia yake: ukiichomeka kwenye projekta, skrini yake inazima, maandishi yanakwenda ukutani peke yake. Mtu mwingine yeyote angegeuza shingo atazame ukutani ameandika nini. Mimi sikuweza. Ukutani pale ndipo aliposimama mama mkwe wangu. Kwa hiyo nilifanya kazi gizani. Ili nisikosee kuandika, nilibonyeza kishale cha juu, ambacho hurudisha amri ya mwisho uliyotumia, na nilikuwa na uhakika ya mwisho ilikuwa ile ya faili la mkutano, kwa sababu nililijaribu jana yake jioni. Sikujua kwamba alfajiri, nikiwa naoga, mama mkwe alikuwa ameomba afanye mazoezi mara moja zaidi, na mke wangu akamfungulia faili la mazoezi.

"Twende," alisema mama mkwe.

Nikabonyeza. Nyuma yangu mtu mmoja akacheka puani. Nikadhani wanashangaa ukubwa wa herufi.

"Shikamoo mama," alisoma mtendaji kwa sauti, taratibu. "Huyu anasalimiwa nani?"

Jasho lilinitoka hata masikioni. Kidole changu kilitaka kufunga, lakini kwa hofu kikabonyeza kitufe kirefu.

"Vuta pumzi kwanza, hakuna anayekukimbiza," mtendaji alisoma.

Sasa kicheko kilikuwa cha chumba kizima. Nilikuwa nimeutazama ule ukuta wa kona mpaka nikaujua: ulikuwa na ufa, na ndani ya ufa kulikuwa na siafu. Nilifikiria wanawake waliosimama nyuma, niliosikia majina yao dirishani. Nilikuwa nimewauza kwa kishale kimoja. Na nisingeweza hata kugeuka kumwomba radhi, kwa sababu kugeuka kungekuwa kosa la pili kubwa kuliko la kwanza.

Nikapeleka kidole kwenye q.

"Acha," alisema mama mkwe.

Hakulitaja jina langu wala hakusema mkwe. Lakini nilijua neno lile lilikuwa langu, lilikuja moja kwa moja bila kupitia kwa mtu. Nikaacha.

"Mheshimiwa mtendaji," aliendelea, na sauti yake ilikuwa ileile ya dirishani, "yule pale konani ni mkwe wangu. Anatazama ukuta kwa sababu ananiheshimu, ndiyo maana hajui amewaonyesha nini. Hiyo salamu ni ya kwangu, nitaijibu nyumbani. Pumzi nimeshavuta. Twende."

Mzee mmoja mbele, sauti yake ya Kisukuma tupu, akasema, "Wabeja, mama," yaani asante, na kicheko kikabadilika. Sijui nikieleze vipi, lakini kilikuwa kicheko kilichovua kofia. Nikabonyeza.

Akaenda. MAJI, na akasema ya maji. UPEPO, na akasema ya upepo. Kila nilipobonyeza niliomba Mungu ukurasa uwe wa mkutano, na nusu ya nyakati haukuwa. Tulipofika kwenye kilima, nilikumbuka kilichokuwa kinafuata, nikafumba macho. Ulikuwa ukurasa niliouandika kwa hasira: HAPA WATASEMA KILIMA KIKO KARIBU. USIKUBALI.

Mtendaji hakuusoma kwa sauti huo. Kiti kikalia.

"Mlikuwa mnataka kusema hivyo?" mama mkwe aliuliza kwa upole kabisa.

"Ilikuwepo kwenye taarifa," mtendaji alikiri.

"Kiko karibu kwa miguu. Kwa upepo kiko mbali. Njooni asubuhi, tuanike ndoo moja huku na ndoo moja kule, mrudi jioni mnuse. Pua haihitaji umeme."

Mkutano ukafungwa bila uamuzi. Watakuja, watanusa, watatoa majibu. Wanawake walitoka wakiimba kwa chini, mimi nilibaki konani mpaka kandambili zake zikaondoka, halafu nikakunja nyaya zangu. Mke wangu aliponiona alinipangusa uso kwa kanga ya mtoto. Nikamwambia nimemharibia mama yake. Akasema, "Subiri," na usiku huohuo nikarudi Geita kazini na laptop nikaiacha kwao kwa aibu, sikutaka hata kuishika.

Wiki ile haikuisha. Nilipiga simu kila siku kuuliza kama wamekuja kunusa, na mke wangu, ambaye alikuwa amebaki kwa mama yake kumuuguza mtoto, kila siku alinijibu kuhusu homa, imeshuka, imepanda kidogo, imeisha. Kuhusu chanja hakusema. Siku ya Alhamisi nilifoka. Akasema hayo si ya kwake kuyasema, na akakata.

Jumamosi nilifika Nkome nikiwa sijalala vizuri. Nilipita njia ya juu makusudi ili nisione mwalo, kwa sababu kama malori yangekuwa yamepaki pale, nilitaka niambiwe na mtu kabla ya kuona. Mke wangu alinipokea mlangoni, mtoto mgongoni mzima kabisa, anatafuna muwa. Nikamuuliza. Akanielekeza sebuleni kwa kidevu.

"Mama ametoka, yuko jikoni. Ingia."

Laptop ilikuwa mezani, imewashwa, ukurasa mweusi unapepesa kimstari chake. "Siku mbili nzima ameniweka pale," mke wangu alisema. "Eti nimfundishe vile vistari vya kuanzisha ukurasa. Herufi moja, anatafuta, anapata, anapumzika. Nimetamani kumwandikia mimi. Amekataa."

Nikafungua faili la mazoezi. SHIKAMOO MAMA, herufi zangu, pana, za kujigamba. Nikabonyeza kitufe kirefu, nikitegemea ule wa kuvuta pumzi. Lakini katikati ya kurasa zangu mbili kulikuwa na ukurasa ambao sikuuandika mimi. Haukuwa na alama ya reli, kwa hiyo maneno yake yalikuwa madogo, kule juu kushotoni, na giza lote lililobaki lilikuwa tupu.

marahaba mwanangu
chanja zimebaki
kula kwanza

Kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, nikasikia mwiko ukigonga sufuria mara mbili.